Kitambi siyo ngao ya mfupa, maveterani mjipange

TANGU Yanga ianzishwe mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, kila jambo Kariakoo lina pande mbili. Hata mwili una timu zake: wanene wanaojitapa kuwa mifupa yao haivunjiki ovyo, na wembamba wanaojibu kuwa wao wepesi, hawaumii.

Mechi hii ni sare. Kila upande una hoja, na kila upande beki yake inavuja.

Wanene kwanza. Ni kweli mfupa huimarika kwa kubebeshwa mzigo. Kwa wastani, mtu mzito ana mifupa iliyoshiba madini kuliko mwembamba, na nyonga yake huvunjika mara chache.

Lakini mwili mzito ukianguka unatua kwa kishindo, na mivunjiko ya kifundo cha mguu huonekana zaidi kwa wanene. Halafu mafuta ya tumboni hayajengi mfupa kama misuli. Kisukari kinachokuja na kitambi ndiyo balaa: mfupa unaonekana mzima kwenye kipimo, kumbe ubora umeshuka.

Wembamba nao wasishangilie. Chukua kilo zako, gawa kwa urefu wako wa mita uliouzidisha kwa wenyewe. Ukipata chini ya 18.5, mwili umepungua mno. Misuli ni haba, mfupa haupati kazi, na ukidondoka nyonga haina nyama ya kuikinga.

Sasa nani anaamua matokeo? Ni misuli na kazi unayoipa mifupa. Mpira una kukimbia, kuruka na kugeuka ghafla, ndiyo maana mifupa ya nyonga na miguu ya wachezaji huwa imara kuliko ya wasiofanya mazoezi.

Tatizo, mfupa hauishi kwa historia. Hubomolewa na kujengwa upya maisha yote. Hadi kwenye miaka 30 hivi ujenzi unaongoza, baadaye ubomoaji unapata nguvu. Kwa akina mama, kasi huongezeka hedhi inapokoma.

Hivyo wewe uliyetundika daluga miaka 15 iliyopita, usijinyime kula wiki mbili ili uwahi bonanza la maveterani. Kilo zikishuka ghafla, misuli na mfupa navyo vinapungua. Shusha taratibu: tembea, panda ngazi, chuchumaa na kuinuka, ndipo uingie uwanjani. Kula dagaa wanaotafunwa na mifupa yao, kunywa maziwa.

Na ukivuka miaka 50 ukavunjika kwa kuteleza tu, usiishie kufungwa hogo. Muulize daktari kuhusu afya ya mifupa yako.

Kariakoo watu wengi wanakula kwa miguu yao. Mguu ukilala miezi mitatu, duka au mkokoteni nao unalala, uwe wa Jangwani au wa Msimbazi.