Safari ya baiskeli hadi Sindo: Makubaliano hutangulia magurudumu

MARAFIKI wanapopanga safari ndefu ya baiskeli, mazungumzo aghalabu huanzia kwenye ramani na kuishia kwenye bei ya tairi. Ni nadra kusikia yeyote akiuliza swali lililo zito kuliko yote: mmoja wao akishindwa njiani, wenzake watafanya nini?

Swali hilo huwa zito zaidi katika barabara inayofuata ukingo wa Ziwa Victoria kutoka mjini Homa Bay, ikapitia Mbita na Sindo, kisha ikapanda kuelekea Magunga kabla ya kuingia Karungu katika Kaunti ya Migori. Mandhari yake ni ya kupendeza: ziwa upande mmoja, vilima vya Gwassi upande wa pili, na omena walioanikwa juu ya nyavu kwenye fuo. Hata hivyo, ni njia ya jua kali na miinuko mirefu, na haimsamehe msafiri aliyeianza bila mpango.

Jambo la kwanza ni kuigawa safari katika ngwe za siku. Kutoka Homa Bay hadi Mbita ni takriban kilomita 40, mwendo wa asubuhi moja kwa kundi lililojizoeza. Walio na nafasi huweza kuvuka daraja hadi kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya, mwanasiasa aliyeuawa jijini Nairobi mwaka wa 1969. Ngwe ya kutoka Mbita hadi Sindo ni fupi zaidi, na ndiyo inayofaa kutumiwa kupumzisha miguu. Ngwe ngumu ni ya tatu, inayotoka Sindo kwenda Karungu kupitia Magunga, kwa sababu ya kupanda na kushuka vilima.

Kosa la kawaida ni kuhesabu kilomita pekee na kusahau saa. Katika eneo hilo jua huchomoza mnamo saa kumi na mbili unusu asubuhi na kutua kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja jioni mwaka mzima. Giza huingia kwa haraka. Kundi linaloondoka saa tatu huku likinuia kupumzika adhuhuri na kupiga picha njiani hujipata barabarani usiku, pamoja na malori, matatu na bodaboda.

Upepo nao una ratiba yake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake ikapanda, na upepo kutoka ziwani ukaja kuchukua nafasi hiyo. Usiku mambo hugeuka. Kwa kuwa Mbita iko magharibi mwa Homa Bay, anayechelewa kuondoka hukumbana na upepo huo usoni wakati jua limekwisha kumchosha. Anayeondoka alfajiri huuepuka kwa sehemu kubwa ya njia.

Maji ni suala la uhai. Mtu mzima anayeendesha baiskeli kwenye joto huhitaji kati ya nusu lita na lita moja kwa kila saa, pamoja na chumvi kidogo katika chakula. Kuwa karibu na ziwa kusimpumbaze mtu. Maji yake hayafai kunywewa kabla ya kuchemshwa au kutiwa dawa, na kuyaogelea huweza kumwambukiza mtu kichocho. Aidha, ukanda wa ziwa ndio wenye malaria nyingi zaidi nchini, hivyo chandarua ni mzigo wa lazima kwa wanaonuia kulala kwenye hema. Wanaotaka kupiga hema ufuoni nao ni vyema waombe ruhusa kwa kamati inayosimamia ufuo huo kabla ya jua kutua.

Ramani pia huweza kuwashawishi wasafiri kukatiza Bonde la Lambwe. Humo mna Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, yenye ukubwa wa takriban kilomita mraba 120. Mbuga hiyo ndiyo makao ya swala aina ya korongo ambao ni adimu nchini Kenya, lakini pia ina nyati na vifaru. Bonde hilo lina historia ya mbung'o na ugonjwa wa malale. Hiyo si njia ya mkato ya baiskeli, na anayetaka kuzuru mbuga hana budi kufuata masharti ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Suala la vipuri nalo lina kinaya chake. Magharibi mwa Kenya ndiko baiskeli ilikopata jina la bodaboda, kutokana na waliobeba abiria mpakani Busia katika miaka ya 1960. Pikipiki ziliichukua kazi hiyo kwa kasi baada ya serikali kuondoa ushuru wa thamani kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008. Mafundi wa baiskeli wangalipo sokoni, lakini ujuzi na vipuri vyao ni vya ile baiskeli nzito nyeusi ya magurudumu makubwa, maarufu kama Black Mamba. Mwenye baiskeli ya kisasa ya gia nyingi asitarajie kupata tairi au mnyororo wake Sindo. Kundi libebe tyubu, viraka, pampu, nyaya za breki na kiungo cha mnyororo. Afadhali pia baiskeli zote ziwe na ukubwa mmoja wa magurudumu ili tyubu ya mmoja imfae mwenzake.

Baada ya hayo yote, bado kuna suala la watu wenyewe. Kundi la marafiki si timu ya mashindano. Kasi yake ni kasi ya aliye dhaifu zaidi, na anayekaidi kanuni hiyo huligawa kundi kabla ya saa sita mchana. Utaratibu unaofaa ni kumweka mbele mtu anayeijua njia na mwenye subira, na nyuma kabisa mtu mwenye nguvu aliyebeba vifaa na dawa, ambaye hampiti yeyote. Kila penye njia panda, wa mbele wasubiri hadi wa mwisho afike. Naye akifika apewe muda wa kupumzika, kwani wengi humsubiri mwenzao kisha wakaondoka papo hapo, na aliyechoka zaidi ndiye akakosa mapumziko.

Hatari kubwa humkabili yule anayeficha uchovu kwa kuona haya. Mtu aliyeacha kutokwa na jasho, anayeyumba au anayejibu ovyo ameelemewa na joto. Apelekwe kivulini, amwagiwe maji na afikishwe hospitalini bila kukawia. Asiyeweza kuendelea, hata kama si mgonjwa, apande matatu pamoja na baiskeli yake, na mwenzake mmoja aandamane naye. Gharama hiyo itoke katika mfuko wa pamoja uliochangwa kabla ya safari, wenye mweka hazina mmoja na daftari lililo wazi kwa wote.

Mambo hayo yakubaliwe nyumbani, watu wakiwa wameshiba na kupumzika. Yakisubiri mlima wa Gwassi saa nane mchana, kila neno huwa ugomvi. Kundi lililoafikiana mapema saa ya kurudi nyuma, na nani mwenye kauli ya mwisho, halitamwona aliyepanda matatu kuwa mwoga. Litamkuta Karungu jioni akiwasubiri wenzake, na kesho yake wataondoka pamoja.