Je, Wajua? Maji Yaweza Kuitikisa Ardhi

Je, wajua kuwa maji yakisukumwa kwa nguvu chini ya ardhi yaweza kuzua tetemeko? Mwaka 1962, karibu na Denver, Marekani, jeshi lilianza kumwaga maji taka ya kemikali katika kisima cha mita 3,671. Ardhi ikaanza kutikisika. Mwanajiolojia David Evans alilinganisha kiasi cha maji na idadi ya matetemeko: vilipanda na kushuka pamoja. Umwagaji ulisitishwa 1966, lakini tetemeko kubwa zaidi lilitokea 1967, kwa sababu shinikizo la maji lilikuwa bado linasambaa katika nyufa za miamba.

Isiolo, nchini Kenya, nako kumechimbwa kwa kina kirefu. Kisima cha kutafuta mafuta cha Boghal, huko Merti, kilipita mita 5,000. Wachimbaji wakirudi, wenyeji wadai vipimatetemeko viwekwe kabla ya pampu zozote za kusukuma maji ardhini kuwashwa.