Ubao Unaosoma Kivuli cha Kidole

Mbao nyingi za kugusa zinazofungwa madarasani siku hizi, zile kubwa za inchi 75 au 86, hutambua kidole kwa kivuli chake. Ndani ya fremu zimepangwa taa ndogo za LED zinazotoa miale ya infraredi, aina ileile ya mwanga inayotumwa na rimoti ya televisheni, na upande wa pili kuna vihisio vinavyoipokea. Miale hupita juu tu ya kioo, mingine wima, mingine mlalo. Mwanafunzi akigusa, kidole hukata mwale wa wima na wa mlalo, na pale inapokutana ndipo kompyuta husoma kuwa pameguswa. Kwa hiyo hata rula ya mbao inaweza kuandika, ilhali kioo cha simu hakiitambui, maana chenyewe hutegemea mwili wetu unaopitisha umeme. Na kwa kuwa ubao husoma kivuli, fremu lazima ifutwe: vumbi la chaki likijaa, miale huzibwa na ubao huchanganyikiwa.

Kazi huwa ngumu zaidi watoto wawili wakigusa kwa pamoja. Vidole viwili hukata miale miwili ya wima na miwili ya mlalo, nayo hukutana mahali panne: pawili pa kweli, pawili pa uongo. Dawa yake ni kuwasha taa mojamoja kwa kasi kubwa, kila moja ikisomwa na vihisio kadhaa kwa mshazari. Mwale wa mshazari ukipita bila kukatwa, basi hapo hapana kidole.

Ufundi huu unanivutia sana, lakini haufundishi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ya Uingereza ilifadhili mbao za kugusa katika shule za sekondari za London. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2007 haikuona ufaulu ukipanda katika mwaka wa kwanza. Tena, katika baadhi ya madarasa ya wanafunzi wenye uwezo mdogo, kasi ya somo ilipungua kwa sababu watoto walikwenda mbele mmojammoja kugusa, wenzao wakingoja.

Hao wanaongoja ndio wa kufikiriwa kwanza. Chukua GeoGebra, programu ya hisabati aliyoianzisha Markus Hohenwarter huko Salzburg, Austria, mwaka 2001. Mwalimu anachora pembetatu, na ukubwa wa kila pembe unaonekana. Kabla mtu hajagusa kitu, anauliza: tukiivuta ncha hii juu, pembe yake itakua au itapungua? Zile mbili za chini je? Kila mtoto anaandika makisio yake daftarini na kubishana na jirani. Kisha mmoja anakwenda kuiburuta ncha. Pembe ya juu inapungua, zile za chini zinaongezeka, na darasa zima linajumlisha: 180. Anaivuta tena, pembeni kabisa. Bado 180. Sasa wanataka kujua kwa nini, na mwalimu anaweza kuanza kuthibitisha, hata kwa chaki.