Gari kuukuu la umeme: Ajali huandikwa uvunguni, si kwenye logibuku

MNUNUZI wa gari kuukuu mjini Kisii kwa kawaida hufanya mambo matatu kabla ya kutoa pesa. Hulizunguka gari mara mbili tatu akitazama rangi, hufungua boneti na kusikiliza injini ikinguruma, kisha huomba kuonyeshwa logibuku. Akiridhika, bei hujadiliwa, na mara nyingi gari huwa limefika Keroka au Nyamira kabla ya jua kutua.

Kwa gari la petroli, utaratibu huo ni hafifu lakini angalau una maana. Kwa gari la umeme hauna maana hata kidogo. Injini ya kunguruma haipo. Rangi haielezi lolote kuhusu betri, ambayo ndiyo kiungo cha thamani kubwa kuliko vyote na ambayo katika magari mengi ya aina hii imelazwa chini ya sakafu, baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Nayo logibuku, kinyume na wanavyodhani wengi, haina hata mstari mmoja unaosema iwapo gari liliwahi kugongwa.

Magari ya umeme bado ni machache katika kaunti za Kisii na Nyamira, lakini hayawi tena kioja. Serikali ilipunguza ushuru wa magari hayo kutoka asilimia 20 hadi 10 mnamo 2019, na mwaka wa 2023 Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) ikaidhinisha ada mahususi ya umeme wa kuyachaji. Bei ya petroli nayo imefanya kazi yake ya ushawishi bila kuhitaji dalali. Linalotajwa zaidi ni Nissan Leaf, gari lililoanza kuuzwa Japan mwishoni mwa 2010. Aghalabu huwa limetumika Japan, likatumika tena Nairobi au Mombasa, ndipo likapanda milima ya Gusii likitafuta mmiliki wa tatu. Katika safari hiyo ndefu, kila aliyelimiliki ana jambo analolijua na ambalo huenda asimwambie anayemfuata.

Tuanze na Japan. Gari kuukuu huko huuzwa kwenye mnada, na kabla ya kuuzwa hukaguliwa na kuandikiwa karatasi ya mnada. Karatasi hiyo hutoa daraja la gari zima kwa nambari, kama vile 4.5 au 3.5. Palipo na herufi R au RA badala ya nambari, maana yake ni kwamba mifupa ya gari iliwahi kutengenezwa au kubadilishwa kutokana na ajali. Chini yake huwa na mchoro wa gari wenye alama: A ni mkwaruzo, U ni mahali palipobonyea, W ni palipotengenezwa, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Kwa hiyo historia ipo, tena imeandikwa kwa uangalifu mkubwa. Tatizo ni kwamba imeandikwa Kijapani, na muuzaji wa Mombasa au Nairobi halazimiki kuikabidhi kwa mteja. Wapo pia wanaokabidhi karatasi ya kughushi. Dawa yake ni kutumia nambari ya chasisi (ya Leaf za kizazi cha pili huanza na ZE1) kuagiza nakala ya karatasi hiyo kupitia huduma za mtandaoni, kwa malipo ambayo ni madogo mno yakilinganishwa na bei ya gari.

Wengi hudhani kwamba ukaguzi unaofanywa huko ng'ambo kwa niaba ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) umewamalizia kazi hiyo. Sivyo. Kiwango cha KS 1515 huhakikisha kwamba gari linafaa kutumika barabarani, lina usukani upande wa kulia na halijapita umri wa miaka minane. Gari lililogongwa vibaya likatengenezwa vizuri linaweza kufaulu, na pengine linastahili kufaulu. Cheti hicho kinaeleza hali ya siku ile moja, hakisimulii maisha ya gari.

Gari likishasajiliwa nchini, hali huwa ngumu zaidi. Uingereza, kwa mfano, gari lililotangazwa na kampuni ya bima kuwa halistahili kutengenezwa huwekwa kwenye kundi maalumu. Tangu Oktoba 2017 makundi hayo ni A, B, S na N, na S humaanisha kwamba mifupa yenyewe iliharibika. Mnunuzi huandika nambari ya usajili tu, akapata jibu. Huko Marekani, hati yenyewe ya umiliki hupigwa chapa kuonyesha kwamba gari ni mabaki ya ajali. Hapa kwetu, kampuni ya bima humlipa mwenye gari fidia, kisha huuza mabaki kwa atakayetoa bei ya juu. Sisi tunaohariri kurasa za magazeti tumeyazoea matangazo hayo. Gari hununuliwa, huvutwa hadi karakana, hunyooshwa, hupakwa rangi na kurudi sokoni likiwa na nambari ileile ya usajili.

Nakala ya rekodi za gari, ambayo mtu yeyote anaweza kuiomba kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) kupitia eCitizen, bado ni muhimu. Itaonyesha mmiliki halisi, nambari ya chasisi, rangi iliyosajiliwa na iwapo kuna benki au mkopeshaji anayelidai. Ikiwa rekodi inasema gari ni jeupe na lililo mbele yako ni la samawati, kuna swali la kuuliza. Lakini safu ya ajali usiitafute, haimo.

Mwaka jana mpwa wangu, mwalimu wa shule ya upili katika Kaunti ya Nyamira, alinipigia simu akiwa na furaha isiyofichika. Alikuwa amepata Leaf mjini Kisii, rangi ya fedha, safi kama jana. “Mjomba, vijiti vyote kumi na viwili bado vipo,” akaniambia. Alikuwa akizungumzia vijiti vilivyo kando ya kipimo cha betri kwenye dashibodi, ambavyo hupungua kadiri betri inavyochoka. Nikamwomba asitie sahihi chochote mpaka nifike, na nikampitia fundi mmoja wa Daraja Mbili ambaye kwa miaka mingi amekuwa akinyoosha matatu zilizopinduka.

Fundi huyo hakuwa amewahi kutengeneza gari la umeme, na alikiri hivyo bila haya. Alichokijua ni bati na bolti. Kwanza alipitisha kidole kwenye nafasi kati ya milango na mwili wa gari, upande mmoja kisha wa pili, akilinganisha upana. Akatazama vichwa vya bolti zinazoshikilia boneti, kwa kuwa bolti iliyowahi kufunguliwa huwa na rangi iliyobanduka kwenye kingo. Akasoma chapa ndogo kwenye kila kioo, maana vioo vya gari ambalo halijaguswa hukaribiana tarehe. Akavuta mikanda ya usalama hadi mwisho, na akamtaka dalali awashe gari ili aone kama taa ya onyo ya mifuko ya hewa itawaka kisha izimike. Isipowaka kabisa, alituambia, kuna mtu aliyeinyamazisha. Yote hayo yalikuwa sawa.

Kisha akaomba gari lipelekwe juu ya shimo la gereji. Hapo dalali akawa mtu mwingine. Akasema mvua inakaribia, akasema kuna mteja mwingine anatoka Ogembo. Mpwa wangu akasisitiza.

Uvunguni, sanduku la betri lilikuwa na mbonyeo wa ukubwa wa kiganja upande wa kushoto. Bolti nyingine zote zilikuwa na kutu hafifu ya kawaida, ila tatu zilizo karibu na mbonyeo huo ziling'aa. Kwenye ukingo wa sanduku kulikuwa na gundi nyeusi iliyopakwa kwa kidole, si kwa mtambo wa kiwandani. Dalali alisema ni jiwe la barabarani. Huenda kweli lilikuwa jiwe. Barabara za murramu ziendazo kwenye vituo vya kununulia majani chai zina mawe ya kutosha kumpa kila dalali ushahidi.

Kwa nini mbonyeo wa kiganja uwe jambo kubwa? Betri ya Leaf ina seli 192, zilizounganishwa kwa jozi 96, nazo kwa pamoja hutoa zaidi ya volti 350. Sanduku zima lina uzito wa takriban kilo 300. Sanduku hilo hufanya kazi mbili: kuzuia seli zisibanwe, na kuzuia maji yasiingie. Seli iliyobanwa inaweza kuendelea kufanya kazi kwa siku au majuma kabla ya tabaka zake za ndani kugusana na kuanza kupata joto, na joto la seli moja huweza kuambukiza jirani zake hadi moto uzuke. Ukingo ulioachia nao hupitisha unyevu polepole. Katika nyanda hizi, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 1,500, unyevu haukosekani. Kutu huanza kwenye viunganishi, kisha siku moja gari hukataa kuwaka, na mwenyewe huambiwa anunue betri nyingine ambayo bei yake huenda ikakaribia ile aliyonunulia gari.

Madhara mengine hayatokani na kugongwa bali na uokoaji wenyewe. Gari la umeme likikwama halifai kuvutwa kwa kamba huku magurudumu yanayoendeshwa na mota yakizunguka ardhini, kwa sababu mota hugeuka jenereta na inaweza kuharibu mitambo ya umeme. Sote tunajua namna magari yanavyookolewa katika mteremko wowote wa huku. Kadhalika, nyaya za umeme mkali katika magari haya huwa za rangi ya chungwa. Ukiona mahali zimefungwa utepe mweusi, kuna mkono uliopita hapo. Asiyefunzwa asizishike, hata gari likiwa limezimwa, kwa kuwa volti hizo huua.

Turudi kwenye vile vijiti kumi na viwili. Vinaweza kuonekana vyote hali betri imekwisha kupoteza zaidi ya asilimia 10 ya uwezo wake. Tena kuna hila ya kufuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili vijiti vyote virudi, vikaonekana kwa majuma kadhaa kabla ya ukweli kujitokeza. Kinachoaminika zaidi ni kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kuwasiliana na programu ya simu iitwayo LeafSpy. Hiyo huonyesha uwezo uliobaki na volti ya kila jozi ya seli. Jozi moja au mbili zikiwa chini sana ya wenzake, hasa gari linapopanda mlima, hapo pana ugonjwa. Milima yetu ni maabara ya bure: gari la tani moja na nusu likipanda mita 100 tu kwenda juu hutumia takriban kilowati-saa 0.4 kwa ajili ya mwinuko peke yake, na seli dhaifu haliwezi zoezi hilo bila kujifichua.

Sheria haijamwacha mnunuzi mtupu, ila haimbebi mgongoni. Sheria ya Kuwalinda Wateja ya 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaokubalika, lakini ina sharti ambalo wachache hulijua: mnunuzi aliyekagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Kwa maneno mengine, aliyetazama nusunusu anaweza kuwa katika hali mbaya kuliko alivyodhani. Mkataba wa mauzo nao mara nyingi huwa na maneno “gari limeuzwa kama lilivyo.” Muuzaji anayesema kwa mdomo kwamba gari halijawahi kupata ajali aombwe kuyaandika maneno hayo na kuyatia sahihi, pamoja na kwamba sanduku la betri halijawahi kufunguliwa. Madai yasiyozidi Sh1 milioni huweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 ili kesi zikamilike ndani ya siku 60. Zaidi ya hapo ni mahakama ya hakimu, na subira.

Mpwa wangu alimwomba dalali yule aandike sentensi hizo mbili. Dalali alicheka, akasema hajawahi kuombwa kitu kama hicho tangu aanze kazi, na akafunga boneti. Tukaondoka kwa matatu.

Baada ya siku nne nilipita pale tena nikielekea Suneka na gari halikuwapo. Lilikuwa limenunuliwa na mkulima wa majani chai aliyekuwa amepokea bonasi yake. Nilimuuliza dalali kama alimweleza mteja huyo kuhusu sanduku la betri.

“Hakuuliza,” akanijibu.