Mtutu mpya hauvunjwi

Msomaji mmoja wa safu hii, mkazi wa Kisii mwenye leseni ya bunduki, amenionyesha karatasi ya maelekezo iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Sentensi ya kwanza yasema: "Vunja mtutu wako kwa risasi kumi za mwanzo." Anauliza: "Prof, hiki ni Kiswahili kweli ama ni balaa?"

Ni balaa. Waingereza husema wanamvunja farasi asiyewahi kupandwa, viatu vipya, hata mtutu, wakimaanisha kukitayarisha kitu kwa kazi. Sisi tukivunja kitu, basi kimekwisha. Viatu vipya tunavizoesha. Mtutu nao tuuzoeshe, na bunduki si chombo cha kukisiakisia maana.

Kinachozoeshwa ni nini hasa? Ndani ya mtutu, au kasiba kama walivyosema wazee wa pwani, mna mifuo inayojipinda ambayo huizungusha risasi isiyumbe hewani. Zana za kiwandani huacha mikwaruzo midogo, hasa kooni, pale mtutu unapoanzia mbele ya chemba. Risasi ikipita, mikwaruzo huikwangua. Tazama jinsi lugha inavyochelewa: risasi kwa asili ni jina la ile metali laini na nzito, ilhali risasi nyingi za bunduki za leo zimevikwa koti la shaba. Mabaki ya shaba hiyo mimi nayaita ukoga, kama ule wa meno yasiyopigwa mswaki. Usipoondolewa, risasi inayofuata huukandamiza, na shabaha huanza kupotea.

Ndiyo maana wengine hupiga risasi moja, wakasafisha, wakapiga nyingine, wakasafisha tena, kisha baada ya kila risasi tatu au tano. Kitambaa chenye dawa ya amonia kikitoka na rangi ya buluu, shaba bado imo. Watengenezaji wenyewe hawakubaliani: wapo wanaoshikilia utaratibu huo, wapo wanaosema unaumaliza mtutu bure. Mtutu uliosuguliwa vizuri kiwandani hauhitaji mengi, na ule wa AK-47 hupakwa kromu ndani. Kwangu, mabishano hayo yasitusahaulishe usafi wenyewe.

Ufito wa kusafishia una jina lake, mdeki. Zamani za gobori ulikuwa wa kushindilia baruti na risasi kupitia mdomoni. Siku hizi risasi huingia kwa nyuma, mdeki umebaki na kazi ya kitambaa. Inapowezekana usukume kutoka upande wa chemba, kwani ukingo wa mdomo ukichubuka risasi hutoka ikienda upande.

Watu wa Kisii wana sababu ya kulifahamu jambo hili. Tarehe 12 Septemba 1914 Wajerumani na KAR walipigana hapa mjini. Askari wengi wa Kijerumani katika Afrika Mashariki wakati huo walibeba Mauser za 1871 zenye baruti nyeusi, ambayo moshi wake humwonyesha adui ulipo. Masizi yake hunyonya unyevu, na kwa mvua za huku kutu haikawii. Waingereza nao hawakusalimika: fataki za risasi zao ziliacha chumvi mtutuni, na mafuta hayaiyeyushi chumvi. Dawa ilikuwa maji ya moto kwanza, mafuta baadaye. Mpangilio wa maneno hapo ndio uliookoa chuma.

Karatasi ya msomaji wangu imekosea mpangilio pia. Onyo la kutoa risasi limewekwa mwisho kabisa! Ningeiandika hivi: "Toa risasi zote, kisha utazame chembani uhakikishe hamna kitu. Safisha mtutu kabla ya kupiga mara ya kwanza. Katika siku za kuuzoesha, safisha baada ya kila risasi chache, na kila mara uanze kwa kutoa risasi. Ukimaliza, pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo. Kabla ya kupiga tena, yapanguse mafuta hayo."