Moshi wa moto wa msituni hugeuka ukiwa safarini

Tarehe 7 Juni mwaka 2023 anga ya jiji la New York iligeuka rangi ya machungwa. Moshi ulikuwa umetoka katika misitu ya jimbo la Quebec nchini Kanada, mamia ya kilomita kaskazini. Wenye pumu walikuwa na kila sababu ya kuuliza: je, moshi uliosafiri umbali huo bado una sumu ile ile, au upepo umekwisha kuupunguza makali?

Upepo hupunguza wingi wa moshi, hilo halina ubishi. Lakini moshi unaofika mjini si ule ulioondoka msituni.

Mti unapoungua hutoa masizi, kaboni monoksidi, oksidi za naitrojeni na mamia ya aina za mvuke utokanao na utomvu na mbao. Miongoni mwa gesi hizo imo asidi ya naitrasi. Mwanga wa jua huivunja katika saa chache za mwanzo, na hapo huzaliwa haidroksili, kemikali isiyodumu hata sekunde moja lakini yenye uchu wa kushambulia karibu kila mvuke inaokutana nao. Mwaka 2019 ndege ya utafiti ya shirika la NASA la Marekani ilipenya mara kwa mara katika moshi wa mioto ya magharibi mwa nchi hiyo, kwanza karibu na moto na kisha mbali zaidi, ili kupima mabadiliko hayo.

Chembechembe nazo hazitulii. Moshi unapotawanyika, sehemu ya chembe huyeyuka na kuwa mvuke; mvuke huo hushikana na oksijeni, ukawa mzito, ukarudi tena kuwa chembe. Uzito wa jumla huenda usibadilike sana, ila kilichomo ndani kimebadilika, na vipimo vya maabara vinaonyesha kwamba chembe hizo zilizozeeka zinaweza kuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kudhuru seli za mapafu.

Rangi pia hupauka. Kila mwaka, kati ya Juni na Oktoba, moshi wa nyika zinazochomwa Angola, Zambia na kusini mwa Kongo, Katanga ikiwemo, huvuka pwani na kuelea juu ya Bahari ya Atlantiki. Watafiti walioufuata kwa ndege kati ya 2016 na 2018 waliona kwamba kadiri moshi ulivyokaa angani, ndivyo ile kaboni ya kahawia ilivyofifia. Masizi meusi hayafifii kwa njia hiyo. Yakipanda juu yanaendelea kunyonya joto la jua.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni ozoni. Ile ya tabaka la juu hutukinga na mionzi. Hii ya chini huunguza koo na mapafu. Oksidi za naitrojeni za moshi hujificha ndani ya kemikali iitwayo PAN, ambayo hudumu muda mrefu kwenye baridi ya juu. Hewa hiyo ikishuka penye joto, PAN huvunjika na kuziachilia. Moshi uliozeeka ukikutana na hewa ya magari mjini, mvuke wake mwingi hupata kile ulichokipungukiwa, na ozoni huongezeka upesi.

Hapa pana mtego. Moshi mzito huzuia jua, hivyo ozoni huweza kuwa kidogo siku anga inapotisha. Siku ya utusitusi mwepesi, jua likipenya, ndipo inapoweza kupanda, hasa alasiri. Barakoa ya N95 huzuia chembechembe lakini haizuii ozoni. Kwa hiyo mwenye pumu, aliyeko New York au kwingineko, asihukumu hewa kwa rangi ya anga wala kwa harufu. Atazame vipimo vyote viwili, cha chembechembe na cha ozoni, na kazi nzito za nje azifanye asubuhi, iwapo vipimo vinaruhusu.