Menyu ya Simu Inayoeleweka ni Kinga ya Fedha Zako

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkulima wa vitunguu saumu na mfugaji aliyeuza mbuzi mnadani huweza kupokea malipo yao kwa simu. Kwa wengi, simu hiyo ni ile ndogo ya vitufe, maarufu kwa jina la kitochi. Haihitaji intaneti: mtumiaji hubonyeza nyota, tarakimu na reli, kisha menyu hufunguka. Menyu hiyo, pamoja na vitufe na maandishi yanayomkutanisha mtu na huduma, huitwa kiolesura. Makala hii inaeleza kwa nini urahisi wa kiolesura ni suala la usalama wa fedha.

Ugumu unapoanzia

Ukurasa mmoja wa menyu ya aina hii hubeba herufi zisizozidi 182, nafasi na alama zikiwemo. Kwa sababu hiyo maneno hufupishwa na orodha hugawanywa katika kurasa kadhaa. Aidha, mtumiaji akichelewa kujibu, menyu hujifunga na kumlazimu aanze upya. Kwa kijana aliyesoma, huo ni usumbufu mdogo. Kwa bibi anayezungumza Kiiraqw au Kidatooga nyumbani na asiyezoea kusoma Kiswahili, au kwa mtu mwenye uoni hafifu, ni ukuta.

Anayekutana na ukuta huo humpa simu mjukuu, jirani au wakala, kisha humtajia namba ya siri. Hata kama msaidizi ni mwaminifu, aliyesimama karibu amesikia. Ndiyo maana onyo la kutompa mtu yeyote namba ya siri hutekelezeka pale tu ambapo mwenye simu anaweza kuitumia menyu mwenyewe.

Kiolesura chema

Mifano mizuri tunayo. Nchini Tanzania, *102# huonyesha salio la muda wa maongezi, *104* hutangulia namba za vocha, na *106# hutumika kuhakiki usajili wa laini, mtandao wowote uwao. Aliyejifunza mara moja hahitaji kujifunza tena akibadili mtandao. Vilevile, kinundu kilicho juu ya kitufe cha 5 humwezesha asiyeona kuvitambua vitufe vingine kwa kupapasa. Nacho humfaa hata anayeona, akiwa gizani. Kinachotengenezwa kwa kumjali mwenye uhitaji huwanufaisha wote.

Mambo ya kuzingatia

1. Chagua lugha unayoielewa. Kwa kawaida chaguo hilo limo katika sehemu ya akaunti yako.

2. Usitegemee kukariri tarakimu pekee. Menyu ikibadilishwa, tarakimu ileile huweza kufungua huduma nyingine.

3. Ukihitaji msaada, msaidizi akusomee menyu, lakini namba ya siri uibonyeze mwenyewe, simu ikiwa mkononi mwako.

4. Kabla ya kuthibitisha, soma au usomewe jina la mpokeaji na kiasi cha fedha. Usipolitambua jina hilo, sitisha.

5. Mwenye simu janja anaweza kukuza maandishi au kuwasha kisoma skrini, ambacho hutamka kwa sauti yaliyoandikwa. Vyote viwili hupatikana katika mipangilio ya simu. Atumiapo kisoma skrini mahali penye watu, ni vema avae visikilizio.

Haki ya kulalamika

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yao ya kupata habari na mawasiliano. Kwa hiyo menyu isiyosomeka, au inayojifunga kabla mtumiaji hajamaliza kuisoma, ni hoja halali ya malalamiko. Mtumiaji asiione kuwa ni aibu yake. Anza kwa mtoa huduma wako kupitia namba 100, ueleze ni ukurasa upi uliokukwamisha, na uhifadhi tarehe ya malalamiko. Usiporidhika, wasilisha suala lako TCRA, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Kaskazini ipo Arusha. Mtoa huduma asipoelezwa menyu inakwamisha wapi, hataona sababu ya kuirekebisha.